Rangi ya Mashua za Shekuwe

Mashua ya Bi Mize iliundwa Uarabuni, na abiria waliipenda kwa sababu haikuvuja. Shekuwe, tajiri wa mashua saba zilizovuja, akamwendea afisa wa bandari.

"Chombo cha kigeni kisipakie abiria wetu. Zangu aliziunda marehemu baba, hapahapa pwani."

Bi Mize akazuiwa. Siku ya pili akaja kwa Shekuwe, amenywea.

"Riziki yangu imekatika, Bwana. Nipe hata kibarua cha kukwangua rangi kuukuu."

Shekuwe akacheka hadi kitambi kikatikisika. "Kwangua mpaka ubao uonekane! Nami nitamwita afisa aje azione mbao za kwetu."

"Itapendeza, Bwana."

Afisa alipofika, mashua zote saba zilikuwa uchi. Ubavuni mwa kila moja alichongwa tembo, na chini yake maandishi ya Kihindi.

"Shekuwe, na hizi je?"

Jasho likamtiririka. "Afisa, chombo kikielea, ugeni wake una ubaya gani? Ziruhusu zote!"

Afisa akaziruhusu zote nane.

Shekuwe akamvuta Bi Mize kando. "Ulijuaje?"

"Rangi hiyo aliipaka babangu, Bwana. Babako alimwambia apake nzito."