Burul Asiyetulia

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni basi, mwenye masikio na asikie.

Hapo zamani za kale, mbali huko Asia ya Kati, palikuwa na mwanamke aitwaye Burul. Alizaliwa milimani, kwa wafugaji wanaohamahama wakifuata majani. Akaolewa bondeni na Eshim, mkulima wa ngano. Eshim alimpenda sana, ila Burul hakutulia. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anatazama milima.

Siku moja farasi wake jike akamwambia, "Burul, majani yameota huko juu. Twende."

"Nyamaza. Nina mume."

Kesho yake akasema tena, "Burul, majani yamefika magotini. Twende."

"Nyamaza. Nina shamba."

Siku ya tatu akapiga kwato chini. "Burul, majani yamefika kifuani. Twende!"

Burul akachukua tandiko. Akamtandika, akampanda, akaenda.

Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Wakavuka mto wa baridi, wakapita mbuga isiyo na mti hata mmoja, mpaka kwenye hema la mama yake. Mama akampa bakuli la maziwa ya farasi.

"Umekuja kukaa, mwanangu?"

"Sijui, mama."

Kweli hakujua. Siku ya saba akaanza kuyasikia maji ya mifereji ya shambani, na bonde liko mbali! "Hata huku moyo haukai," akasema. Akaaga, akashuka.

Kwenye njia nyembamba kati ya vilele viwili, theluji ikawakuta. Farasi akasimama ghafla. "Nasikia mtu anahema."

Burul akafukua kwa mikono. Alikuwa Eshim, viatu vimechanika, miguu imekufa ganzi.

"Mume wangu! Wewe hujapanda mlima tangu uzaliwe! Ngano umemwachia nani?"

"Sikumwachia mtu."

"Itaoza! Kunirudisha tu, ndiyo uiache ioze?"

"Sikuja kukurudisha. Nimekuja kuona unachokitazama kila siku."

Burul akalia. Akampakia juu ya farasi, akageuza njia, wakarudi kwa mama. Huko Eshim aliuguzwa mwezi mzima, na huku bondeni mvua ikaimaliza ngano.

Waliposhuka, majirani walikuwa wamesimama njiani, wamejishika viuno.

"Eshim, umepoteza mavuno yote kwa mke asiyetulia?"

"Mbegu ya ngano nitaomba kwenu," Eshim akajibu. "Mbegu ya Burul ningeiomba kwa nani?"

Basi, hadithi yangu inakomea hapo.