Kiboko Alivyoposa Gari Bovu

Hadithi inapita njiani!

— Ipisheni ipite!

Ikikugusa?

— Nitacheka!

Ikikukanyaga?

— Nitajifanya sikusikia!

Haya, na wewe pale nyuma acha kutafuna, hadithi hii haitaki kelele za mahindi.

Hapo kale, si kale sana maana magari yalikuwepo, palikuwa na mjane mmoja, Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua: kadogo, kembamba, macho mekundu, mkia kama brashi ya viatu. Marehemu mumewe alimwachia gari. Si gari la kubebea mihogo! Gari la mashindano, la viti viwili, limelala chini chini, paa lake linakunjwa. Enzi zake lilikuwa na rangi ya zafarani, na Zafarani ndilo jina walilolipa. Jioni za Ijumaa bwana alikuwa akimpakia mkewe, vruuum, mpaka mlimani na kurudi, na Bi Nguchiro alicheka njia nzima. Ufunguo tu ndio hakuwahi kupewa. "Wewe shika mkoba," bwana alikuwa akimwambia. Naye alishika mkoba miaka yote ya ndoa yao.

Sasa Zafarani alikuwa juu ya mawe, kando ya njia ya kwenda mtoni. Magurudumu hana. Rangi imebabuka. Kanga wa porini walitaga mayai kwenye kiti. Ukimwasha: kho, kho, kho... puu! Basi, kimya.

Kila asubuhi wifi yake, Kicheche, alikuja na kikombe cha chai cha kuazima sukari. Msiniulize nguchiro na kicheche walioana vipi, hadithi ni yangu.

"Wifi, uza," Kicheche alisema.

"Nataka kutengeneza."

"Utengeneze kwa nini? Huna kitu! Uza, uezeke nyumba."

"Nikiuza, nitacheka wapi tena?"

Kicheche alichukua sukari akaenda zake. Na kesho yake tena: uza. Na tena: nataka kutengeneza. Bi Nguchiro alilipenda gari lile, hilo ndilo lililokuwa tatizo lake, na usiku mwingine alikwenda kukaa ndani yake pamoja na mayai ya kanga.

Mnanifuata?

— Tuko nyuma yako!

Basi mtoni palikuwa na Kiboko. Mkubwa! Mnene! Na kila akionacho anakitaka. Alikuwa amejitungia sheria: kitu chochote kisichotembea karibu na mto wangu, ni changu. Mawe yalikuwa yake. Miti ilikuwa yake. Siku aliyotangaza sheria hiyo, Kobe alionekana akitembea haraka kwa mara ya kwanza katika ukoo wao.

Siku moja Kiboko akapita njiani, mbwaa, mbwaa, mbwaa. Akamwona Zafarani. Akasimama.

"Hili linatembea?"

"Linapumzika, bwana," akasema Bi Nguchiro.

"Mwezi ukiandama nikalikuta bado linapumzika, langu."

Mbwaa, mbwaa, akaenda zake. Bi Nguchiro alilia siku ile, tena alilia kwa sauti. Kutengeneza hawezi. Kuuza, nani atanunua kitu ambacho Kiboko amekwisha kukitia jicho? Kicheche mwenyewe siku ile alisahau kuazima sukari.

Asubuhi yake Bi Nguchiro alijifuta macho, akajitanda kanga zake nzuri, akashuka mtoni.

"Bwana mkubwa, nimekuja kukuepushia aibu."

"Aibu gani?"

"Ukimchukua Zafarani pale kwenye mawe, watu watasema Kiboko siku hizi anaokota vya jalalani. Mtu wa hadhi yako! Wewe mpose. Umtoe kwetu kwa ngoma na vigelegele, amepambwa, anang'aa."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Mahari?"

"Fungu moja la majani."

"Moja?"

"Moja tu. Sisi hatuuzi watoto."

Kiboko alicheka mpaka maji yakamwagika kingoni. Gari limepambwa, linang'aa, kwa fungu moja la majani! Hakuuliza linapambwa na nani. Nyinyi mliooza na kuoa mnacheka, naona. Kiboko alikuwa hajawahi kuoa.

Akatafuta mshenga. Ndege wepesi walijitokeza, swala walijitokeza, lakini mshenga hulishwa, na Kiboko hapendi kulisha mtu. Akamchukua Kobe kwa sababu anakula jani moja akashiba. Kumbukeni jani hilo.

Kobe akapeleka fungu la majani. Posa ikakubaliwa. Kobe akarudi, kya... kya... kya... Akafika.

"Bwana, posa imekubaliwa. Lakini bibi harusi hana viatu."

"Kwani viatu natoa mimi?"

"Sanduku la bibi harusi hutoka kwa bwana harusi. Ndiyo mila."

"Mila?"

"Mila."

"Mbwaa! Mpelekeeni viatu!"

Magurudumu manne mapya yakapanda njia. Kobe akarudi, kya... kya... kya...

"Bwana, viatu vimemkaa. Lakini hana nguo."

"Mila?"

"Mila."

"Mbwaa! Mpelekeeni nguo!"

Madebe ya rangi ya zafarani yakapanda njia. Kobe akarudi, kya... kya... kya...

"Bwana, nguo zimempendeza. Lakini anakohoa. Utaingiza ndani mke anayekohoa?"

Kiboko alitaka kusema ndiyo, lakini majirani walikuwa wanasikiliza. Spea za injini zikapanda njia, na Fundi Kima akapanda nazo, bisibisi mdomoni. Ikaja singo, maana bibi harusi lazima asuguliwe: oili na grisi. Ukaja mkaja, zawadi ya mama mzazi: pipa zima la petroli. Kila kitu kilipofika, Bi Nguchiro alipiga kigelegele, lilililili! Kicheche akamjibu, na Kiboko kule mtoni akazidi kukonda moyo, si mwili.

Mwisho akasema, "Nataka kumwona huyo mchumba wangu!"

Kobe alishtuka, akaingiza kichwa ndani ya gamba. Sauti ikatoka humo ndani: "Kabla ya siku yenyewe? Bwana, umelelewa wapi?"

Kiboko akaona haya. Zafarani akaendelea kukaa chini ya turubai, kama mwari yeyote.

Siku moja kabla ya harusi Bi Nguchiro alimwita Fundi Kima pembeni.

"Fundi, kile kiti cha dereva na cha pembeni, vijaze sufi."

"Vimejaa, mama."

"Jaza tena."

"Nafasi itakwisha!"

"Wewe jaza tu, mwanangu. Bwana harusi anapenda ulaini."

Siku ikafika. Ngoma, ndi ndi ndi! Wanyama wote walikuja, hata wale wasioalikwa, hasa wale wasioalikwa. Jua la saa sita lilikuwa kali. Turubai likavutwa, fyaa! Zafarani alikuwa amekaa pale, mbichi, anang'aa, ungesema ameshushwa jana. Watu walishika vifua. Bi Nguchiro mwenyewe alisahau ujanja wake kidogo, akasimama akiangalia tu.

"Wangu!" akasema Kiboko. Akafungua mlango. Kichwa, kikaingia. Mabega, yakaingia kwa shida. Tumbo... kwaa!

Akasukuma mbele. Nyee! Akavuta nyuma. Nyee! Nusu bwana harusi ndani, nusu bwana harusi nje, na ile nusu ya nje ndiyo iliyowatazama wageni.

"Nitoeni!"

Fundi Kima akazunguka akitazama. "Tukate mlango, au tukate tumbo?"

"Hakuna kukata bibi harusi siku ya harusi yake," akasema Bi Nguchiro. "Kiti tukifumua sufi, bwana atatoka."

"Fumueni basi!"

"Ah, bwana, mchumba wa mtu mimi sina ruhusa ya kumvua hata kifungo. Lazima mshenga aende kwenu mtoni, aombe ruhusa kwa wakubwa zako, arudi na jibu. Ndiyo mila."

Kobe, mtu wa kazi, akaanza safari papo hapo. Kya...

Jua lilikuwa utosini. Nyinyi mnajua ngozi ya kiboko: bila maji inakauka, inapasuka. Mgongo ukaanza kulia, ta, ta, ta.

"Kobe amefika wapi?" akauliza Kiboko kutoka ndani.

"Yuko kwenye kivuli cha gari," akasema Kicheche.

"Mpeni mtu mwingine kazi hiyo! Mpeni swala!"

"Mshenga habadilishwi katikati ya posa, bwana. Ungemchagua swala tangu mwanzo."

Kya...

Ta, ta, ta.

"Si kuna njia nyingine!"

Bi Nguchiro akainama sikioni kwake, akasema kwa upole sana, "Ipo, lakini mimi kama mama sipendi hata kuitaja. Asiyekuwa mchumba wa mtu, ruhusa ya nini? Ningefumua sasa hivi."

Kiboko alifikiri. Alifikiria magurudumu, rangi, spea, pipa la petroli. Mgongo ukapasuka tena, ta!

"Simtaki!" akapiga kelele. "Simtaki! Simtaki!"

"Jamani mmesikia?"

"Tumesikia!"

Fundi Kima akakata uzi, fyuu, sufi ikaruka juu ya wageni wote, na Kiboko akachomoka, puu! Hakuaga. Alishuka mtoni mbio, akazama, kisha pua zikatokea.

"Vitu vyangu!"

Kobe alikuwa bado hajavuka bomba la moshi. Akageuza shingo. "Posa ikivunjwa na mwanamke, vitu hurudi. Ikivunjwa na mwanamume, ndiyo vimekwenda. Mila, bwana."

"Na sheria yangu? Gari lisilotembea ni langu!"

Bi Nguchiro akashuka mtoni. Alichukua lile fungu la majani, sasa limekauka, akaliweka kingoni mwa mto kwa heshima. "Mahari yako hii, bwana. Sisi si wezi."

Kisha akarudi kwenye gari, akapangusa sufi, akaketi upande wa usukani. Kicheche akamfuata mbio.

"Wifi! Sasa ndiyo uuze! Sasa lina bei!"

Bi Nguchiro alikuwa ameushika ufunguo. Machozi yalimtoka. Akawasha. Hakuna kho, hakuna puu. Vruuum!

"Panda," akamwambia wifi yake. "Na ushike mkoba."

Haya, na funzo lipo, msiondoke. Funzo la hadithi hii ni kwamba gari likizeeka, liuze upesi, usiliweke moyoni. Angalieni Bi Nguchiro aliyekataa kusikia: mpaka leo, kila Ijumaa jioni, masikini, hana budi kuendesha gari zuri mpaka mlimani akicheka peke yake kwa sauti. Na funzo la pili ni kwamba mtu asiokoe gharama katika kuchagua mshenga. Hilo la pili ni la kweli.

Hadithi imefika!

— Izime injini!

Aliyeipenda?

— Aipande!

Asiyeipenda?

— Aisukume!