Jiwe la Maili ya Bibi Nakundwa

Hadithi hii aliisimulia kwanza mama mdogo Namsifu, mwaka wa 1961, jikoni kwa bibi, tukipukuchua mahindi. Mwenyewe alikuwemo ndani yake, lakini mgongoni, akiwa na miaka mitatu. Alidai anakumbuka kila kitu. Mama yangu alikuwa akisikiliza pembeni, akamsahihisha mahali pamoja, nami nimeandika kama mama alivyosahihisha.

Zamani huku milimani Upare hapakuwa na maili. Njia ilipimwa kwa mwili na kwa kazi. Kisima kilikuwa pale unapobadilisha bega. Shamba la bondeni lilikuwa umbali wa muwa mmoja: ukimaliza kuutafuna, umefika. Kwa akina mama, umbali wa mwisho wenye maana ulikuwa chungu cha maharage. Uliteleka, ukaenda ulikokwenda, ukarudi kabla hayajaungua. Kilichozidi hapo kiliitwa mbali, na hakikuwa na kipimo.

Bibi yetu Nakundwa alikuwa na sababu ya kukishika kipimo hicho. Dada yake aliolewa nyuma ya mlima, akafa akijifungua, na habari zilipowafikia kwao matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Kwa hiyo bibi alipofiwa na mumewe na kuachiwa mabinti wawili, alitangaza kwamba hakuna hata mmoja atakayeolewa mbali kuliko chungu cha maharage. Watu walicheka, lakini waliomjua hawakupoteza muda kumbembeleza.

Mwaka wa 1948 Kajiru alikuja kumposa Eliwaza, binti mkubwa. Alikuwa kibarua wa barabara iliyokuwa ikichongwa ubavuni mwa mlima, kijana wa maneno machache. Eliwaza alikuwa amekwisha kumpenda, na nyumba nzima ilijua, maana siku hizo maharage yalikuwa yakiungua hata bila mtu kwenda popote.

Bibi aliuliza jambo moja tu, kwamba huko kwao ni umbali gani.

"Ni maili moja tu, Mama."

"Maili ni nini?"

Kajiru akaeleza kama alivyoelezwa na msimamizi wake. Askari wa Rumi ya kale walipokuwa safarini walihesabu hatua, kila mguu uleule ulipokanyaga tena, na zilipotimia elfu walisimika jiwe. Neno lao la elfu ndilo lililozaa maili. Baadaye Waingereza wakairefusha kidogo ili ilingane na mashamba yao: mitaro minane, kila mmoja urefu ambao ng'ombe wa kulima waliweza kuuchimba bila kupumzishwa.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Na askari huyo alibeba nini?"

"Mkuki, Mama. Na ngao, na chakula chake."

"Mtoto?"

"Hapana, Mama."

"Kuni?"

"Wala kuni, Mama."

"Basi hiyo ni maili ya mwanamume na ng'ombe," bibi akasema. "Mimi nikienda kumtazama binti yangu nitakuwa na mzigo. Tutapima yangu. Ikifika mlangoni kwenu, mchukue. Isipofika, tusisumbuane."

Asubuhi yake alijitwika mkungu wa ndizi, akamfunga Namsifu mgongoni, akaanzia kizingitini. Eliwaza alihesabu kwa sauti kila mguu wa kushoto ulipokanyaga. Vibarua waliweka majembe chini wakawafuata. Hatua zilipopita mia tisa, mwendo wa bibi ulibadilika. Mama mdogo Namsifu husema bibi alikuwa amechoka, akawa anapepesuka. Hapo ndipo mama yangu alipomsahihisha. Bibi hakuchoka, alikuwa akirefusha hatua. Ndizi zilitikisika na mtoto akalalamika, naye akazidi kujinyoosha kama mtu anayevuka mfereji.

Elfu ilitimia kwenye kona, juu kidogo ya kijito. Paa la kina Kajiru lilionekana ng'ambo pamoja na moshi wake, lakini lilikuwa bado mbali. Eliwaza alilitamka neno la mwisho kwa sauti ndogo sana.

"Imeishia hapa," bibi akasema, na hakuondoka pale alipokanyaga.

Kajiru akasogea, akautua mkungu kutoka kichwani mwa bibi, akajitwika yeye. Siku hizo mwanamume hakubeba ndizi kichwani mbele za watu. Kibarua mmoja akamuuliza kama alikwenda kuoa au kuolewa. Mwingine akasema vyovyote vile, kanga atafutiwe. Kajiru akangoja wamalize kucheka.

"Maili yako imeishia hapa, Mama. Iliyobaki ni yangu. Kila utakapokuja utanikuta hapa."

"Na nikija bila kutoa habari?"

"Kona hii inaonekana kutoka mlangoni kwetu."

Bibi akafungua mbeleko, akamkabidhi na Namsifu. "Basi chukua vyote," akasema, "tuone kama utafika."

Alifika. Eliwaza na Kajiru ndio wazazi wangu.

Baba aliweka jiwe pale konani kwa mikono yake. Serikali nayo ilisimika la kwake mbele zaidi, limenyooka na kupakwa chokaa. Kilomita zilipokuja, lile la serikali liling'olewa, na sasa ni ngazi ya mlango wa jirani. La konani halijaguswa. Na tangu mzigo ule uhame kichwa, upande wetu wa mlima mgeni haachwi afike mlangoni na mzigo wake. Hulakiwa jiweni, na akiondoka hubebewa mpaka jiweni. Ukimsikia mtu wa kwetu akitaja maili, haongelei ng'ombe wala askari. Anaongelea umbali ambao mama mwenye mzigo huenda kabla ya kupokelewa.

Bibi Nakundwa alifariki mwaka wa 1979. Baba alimfuata mwaka wa 1996, naye hata alipotembelea mkongojo alikuwa akitangulia jiweni mapema ili mgeni asimkute njiani. Mama yangu Eliwaza yu hai, ingawa hatembei sana. Mama mdogo Namsifu naye yu hai. Hutujia kila Jumapili na kapu kichwani. Mara nyingi kapu hilo ni tupu, nasi tunajua. Hata hivyo, yeyote aliye karibu na mlango akiliona konani, hushuka kulipokea.