Shangingi la Bi Nakunda

"Lililokupandisha mlima, usiliulize umri."

Mmeisikia jana kwenye kikao cha kwaya, baadhi yenu mlipotaka mwalimu wenu wa zamani apumzishwe, na Naeli ameniuliza swali zuri. Kama methali inasemwa juu ya mtu, kwa nini tunasema "lililokupandisha" na si "aliyekupandisha"? Ni kwa sababu ilipoanza haikuwa juu ya mtu. Ilikuwa juu ya gari. Ilianza hapa hapa kwetu milimani, na ilipotamkwa mara ya kwanza nilikuwepo, nimetoka tu kiti cha nyuma nilikokuwa nimepakata mfuko wa mchele.

Aliyelitumia gari hilo ni Bi Nakunda, mke wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki alimwachia nyumba kubwa ya matofali ukingoni mwa msitu, na wengi tulidhani ataiuza, ateremke mjini Same akae na ndugu zake. Hakuiuza. Alipaka chokaa, akaweka vitanda, akaanza kupokea wageni wanaokuja kutazama msitu na ndege wake. Waliofika walipapenda. Shida ilikuwa kufika. Barabara yetu mnaijua, na zamani ilikuwa mbaya kuliko sasa. Mgeni mwenye uwezo wake hapandi juu ya lori la kabichi. Wengi walikuja hadi Same, wakaitazama milima, wakageuza safari.

Basi Nakunda, katika umri ambao wenzake walikuwa wanalea wajukuu, akaenda kujifunza udereva. Watu walicheka. Alipopata leseni wakapunguza kucheka. Kisha akateremka Moshi, kwenye kampuni moja inayokodisha magari ya kifahari, akarudi na shangingi jeupe, lile gari refu la magurudumu mapana ambalo hapa kwetu tulikuwa tumezoea kuliona limembeba kiongozi. Hapo kicheko kikaisha kabisa.

Gari hilo halikuwa lake. Lilikuwa la mkataba. Kila mwezi alilipa kwa kulitumia, na mkataba ukifika mwisho angekuwa na njia mbili: alirudishe, apewe jipya na kuendelea kulipa kama mwanzo, au alipe bei ya mwisho, iliyopangwa tangu siku ya kwanza, gari liwe mali yake.

Nataka mfahamu jinsi alivyolitunza, maana ndipo heshima yangu kwake ilipoanzia. Kila akitoka kwenye matope alilala chini juu ya gunia, akaliosha hadi tumboni. Akipanda mlima alisimama pale kwenye chemchemi, injini ipoe, hata kama mgeni ana haraka. Jirani mmoja alimwambia, "Unajichosha bure, wenyewe watakuja kulichukua." Nakunda akamjibu kwamba gari ni la kampuni, lakini shingo itakayovunjika likianguka korongoni ni yake. Akaendelea kusugua.

Miaka ya mkataba ikapita, wageni wakawa wanakuja hata akaanza kujenga vyumba vingine viwili nyuma ya nyumba. Vilikuwa vimefika kwenye lenta, juu ya madirisha, vikisubiri bati wakati mkataba ulipokwisha.

Kampuni ikamtuma kijana wao, Ombeni Mfinanga. Alikuwa mtu wa adabu, mtoto wa Kipare kama sisi. Alifika asubuhi na gari jipya, jeusi, linang'aa hata kuku walisimama kujitazama ubavuni mwake. Akampa Nakunda funguo, akamwomba alijaribu. Nakunda akaliendesha hadi zahanati na kurudi. Aliposhuka niliuona uso wake, na sitawaficha: alilipenda. Aliniambia kiti chake kinampokea mtu kama mama anavyompokea mtoto. Binti yake, Namsifu, aliyekuwa akipika pale, alikuwa tayari ameshapiga picha ameegemea mlango. Kijiji kizima kiliona jambo limekwisha.

Mwenyewe alikuwa na mzigo wa kufikiri. Akichukua jipya, hataogopa kuharibikiwa njiani, na wageni watasifu, lakini ataendelea kulipa mwezi baada ya mwezi kwa kitu ambacho hakitakuwa chake kamwe. Akinunua la zamani, akiba yote ya bati inaondoka. Na likimfia mlimani baada ya hapo, hana gari, hana bati, hana wageni. Mtu asiwadanganye kwamba njia ilikuwa wazi.

Ombeni akaanza kulikagua lile jeupe kabla ya kulirudisha Moshi. Alilizunguka akitikisa kichwa. Alisema limechoka, lina umri, barabara hizi zinaua magari, mama umefanya vizuri kulipumzisha. Huku akisema hivyo alifungua boneti, akasikiliza injini kwa muda mrefu, akalala chini kulitazama tumbo. Kisha akajipangusa mikono, akaenda pembeni kupiga simu.

Nakunda alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Akanisogelea.

"Shemeji," aliniambia taratibu, "umewahi kuona mtu anatangaza msiba huku anatabasamu?"

Nikamwambia sijawahi.

"Basi mtazame yule kijana anavyoongea na simu."

Nilitazama, na kweli Ombeni alikuwa akitabasamu.

Mwingine angemkabili pale pale kwa maneno. Nakunda alimwandalia chai, na alipomaliza akamwambia kwamba ana mahitaji ya kuchukua Same: mchele, unga, na saruji ya wajenzi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Akamwomba waende wote na lile jeupe, wateremke na kupanda, kisha ndipo amkabidhi funguo.

"Kama limechoka, leo litasema lenyewe," alimwambia. "Likishindwa, ondoka nalo, sitakuwa na neno."

Mimi nikaingia nyuma. Kuteremka hakukuwa na shida. Tulipakia mifuko hadi gari likainama, tukaanza kupanda. Nakunda alizima redio. Alikuwa akisikiliza injini. Nilielewa kwamba hakutaka kumshinda Ombeni. Alitaka kujua ukweli, hata kama ukweli ungemnyima alichotamani.

Tulipofika kwenye ile kona mbaya juu ya chemchemi, tukakuta njia imezibwa. Pikapu moja ilikuwa imezama kwenye matope, na pembeni yake wamesimama watu waliovaa nguo zao nzuri, suruali zimekunjwa hadi magotini. Walikuwa wanampeleka kijana wao, Eliamini, kupeleka posa kijiji cha juu. Mbuzi wa posa alikuwa analia nyuma ya pikapu, na ndani, karibu na dereva, ameketi bibi mzee sana aliyejifunga khanga kichwani, bibi yake Eliamini. Kwa wakwe walitarajiwa tangu asubuhi, na mnajua maana ya kuchelewesha posa.

Ombeni alishauri turudi nyuma tusubiri. Gari lilikuwa limebeba mzigo mzito, na kuvuta jingine katika utelezi ule kungeweza kututupa sote bondeni. Hakukosea. Nakunda alishuka, akatembea ile kona yote kwa miguu, akipima matope kwa kisigino. Kisha akafungua nyuma na kutoa mnyororo.

Alilipenyeza gari ukingoni, upande wa mlima, mimi na Ombeni tukiwa tumeshuka kuweka mawe. Akafunga mnyororo, akamwambia dereva wa pikapu asikanyage mafuta hadi apungiwe mkono. Akaingiza gia nzito. Gari likanguruma chini chini, magurudumu yakatafuta pa kushika, yakateleza, yakateleza tena. Nakunda hakulilazimisha. Alilegeza mguu, akaligeuza kidogo kuelekea kwenye mawe, akakanyaga polepole. Likashika. Pikapu ikatoka kwenye matope, ikaburuzwa ile kona yote hadi penye changarawe. Watu wa posa walisukuma na kushangilia, na Ombeni, aliyekuwa anasukuma nao, alikuwa ametapakaa matope kuanzia kola hadi viatu.

Nakunda alizima injini, akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti. Watu wote walikuwa wamesimama pale wakijifuta.

"Sasa niambie, Bwana Ombeni," alisema. "Gari hili limechoka?"

Ombeni alitazama chini. "Halijachoka, mama."

"Asubuhi uliniambia lina umri."

"Umri linao."

"Najua linao, nami ninao," alisema Nakunda. "Lakini lililonipandisha mlima siliulizi umri. Naliuliza kama bado linapanda."

Kisha Ombeni akafanya jambo ambalo mimi humsifia hadi leo. Alimwambia ukweli. Kule Moshi palikuwa na mtu anayelisubiri gari lile kwa bei kubwa kuliko bei ya mwisho iliyo kwenye mkataba. Waliopanga bei hiyo mwanzoni walijua linakwenda mlimani, wakahesabu kwamba litarudi limekwisha, na hakuna aliyetegemea kulikuta katika hali ile.

"Kazi niliyotumwa ni kulirudisha," alisema. "Lakini ungekuwa mama yangu, ningekwambia lipa bei yao, lisiondoke."

Nakunda alimshukuru. Hakumsimanga kwa maneno ya asubuhi, wala hakutuacha sisi tumsimange. Tulipofika juu alimpa maji ya moto aoge, akampa shati la marehemu kaka yangu, akampakulia makande. Kesho yake Ombeni aliondoka na gari jeusi, na baada ya siku chache Nakunda akateremka Moshi kulipa. Shangingi jeupe likawa lake.

Msifikiri kila kitu kilinyooka tangu hapo. Bati halikununuliwa. Vile vyumba viwili vilinyeshewa masika yote, nyasi zikaota ndani, na watu waliopita walisema mama yule amechagua gari akaacha nyumba. Siku moja nilimkuta amesimama ndani ya chumba kimoja akitazama mawingu, na nikamuuliza kama anajuta. Aliniambia anaogopa, lakini hajuti, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Ombeni naye alikemewa na wakubwa wake, ingawa kazi hawakumwachisha. Lakini sasa Nakunda hakuwa na malipo ya kila mwezi. Kilichokuwa kikiteremka Moshi kilianza kubaki nyumbani, na kiangazi kilipofika vyumba vilikuwa vimeezekwa. Mmoja wa wageni wa kwanza kulala humo alikuwa mama mzazi wa Ombeni, aliyeletwa na mwanawe apumzike.

Hata hivyo, yale yalikuwa bado maneno ya mama mmoja kwa gari lake. Yaligeuka methali kwenye harusi ya yule Eliamini.

Harusi ilifungwa kiangazi hicho hicho. Eliamini mwenyewe alikuja kumwomba Nakunda ambebe bibi harusi, na shangingi likapambwa kwa maua, likamleta taratibu hadi turubai lililofungwa uwanjani. Wageni walikuwa wengi, wengine kutoka Dar es Salaam na Arusha. Wanakamati walikuwa wamepanga meza ya mbele iwe ya wakubwa hao. Bibi yake Eliamini, yule tuliyemkuta kwenye pikapu, walimweka nyuma kabisa, karibu na wapishi. Walisema ni mzee, hasikii vizuri, atachoka, na huko ni karibu na njia ya kutokea.

Ulipofika wakati wa bwana harusi kushukuru, Eliamini alisimama. Aliwashukuru wazazi wa mke wake, akawashukuru wageni wa mbali. Kisha akaanza kutazama huku na huku, na akauliza bibi yake yuko wapi. Mwenyekiti wa kamati alimnong'oneza. Kipaza sauti kikiwa bado mkononi mwake, Eliamini akasema:

"Siku ile mama Nakunda alipotuvuta kwenye matope, alisema neno ambalo sijalisahau. Mama yangu alifariki kule tambarare nikiwa sijajua kutembea. Aliyenifuata kule ni bibi yangu. Alinifunga mgongoni akanipandisha milima hii kwa miguu yake. Leo mmeniambia ni mzee."

Akageuka kuwatazama wanakamati.

"Lililokupandisha mlima, usiliulize umri."

Watu walicheka kwanza, maana alimsema bibi yake kama gari. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu Eliamini alikuwa ameshaweka kipaza sauti chini. Alipita katikati ya meza zote hadi kwa wapishi, akainama, akamshika bibi mkono. Bibi hakuwa amesikia hata neno moja. Alidhani anaitwa kula, akawa anasema ameshashiba. Walitembea kwa mwendo wake hadi mbele. Mgeni mmoja mkubwa kutoka mjini alisimama mwenyewe akampisha kiti. Nilimwona Nakunda, kule alikokuwa ameegemea gari lake, anajifuta macho kwa pembe ya khanga.

Tangu siku hiyo watu wakaanza kulitumia neno hilo, kila mmoja kwa mzazi wake, kwa mwalimu wake, kwa fundi wake, na hakuna aliyejali kulibadilisha "lililo" kuwa "aliye". Tuliacha hivyo hivyo ili tukumbuke kwamba lilitoka kwa mwanamke aliyekagua vizuri kabla ya kuamua, na kwamba hakusema kila cha zamani ni kizuri. Alikipima kwanza kwenye matope.

Kwa hiyo, wanangu, mwalimu wenu wa kwaya mpeni wimbo mgumu Jumapili hii, mumsikilize. Mkisikia bado anapanda, mtajua la kufanya. Lililokupandisha mlima, usiliulize umri.