Pimbi Alipomtia Kiboko Wasiwasi

Mpo?
—Tupo!
Wazima?
—Hatujapimwa!

Basi mniwie radhi, ngano hii naiharibu kila nikiisimulia. Aliyeijua vizuri amelazwa.

Alikuwepo Pimbi, kajinyama ka kutia kapuni, na mama yake. Siku moja mama akakohoa: koho! koho! Pimbi akataka kumchemshia tangawizi. Shangazi zake wakamjia juu: "Mtoto gani wewe? Mama hata hajapimwa!" Kwa aibu akampeleka kwa Bwana Kiboko, mpimaji, ambaye ujira wake ulikuwa kikapu cha mboga kwa kila kipimo.

Chup! Damu. Safi. "Sioni kitu," akasema Kiboko akitafuna. "Basi kimejificha. Lete kikapu." Chup! Safi. "Kimejificha zaidi. Lete kikapu."

Siku ya nne kikohozi kilikwisha chenyewe. Vipimo vilikuwa saba, na mama hawezi kusimama kwa kuishiwa damu. Pimbi akaomba amrudishe nyumbani.

"Mchukue," akasema Kiboko. "Akifa, ukoo mzima utajua nani alimkatizia vipimo."

Pimbi akanywea. Kisha akili ikamjia.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Mbona macho mekundu?"

"Marahaba. Ndiyo macho yangu."

"Na tumbo hilo?"

"Ndilo tumbo langu, we kijitu!"

"Haya. Marehemu baba yako naye alisema hivyo hivyo?"

Kiboko akaacha kutafuna. Akajichoma, chup! Safi. "Kimejificha!" Chup! Safi. "Kimejificha zaidi!" Alipomaliza cha tisa akatoka mbio, tii! tii! tii!, akajitosa mtoni, chubwi!, kumfuata mpimaji mkubwa zaidi wa ng'ambo.

Pimbi akaingia kwa mama huku akicheka. "Twende nyumbani, mama, tumemshinda!"

Mama hakucheka. "Nasikia Kiboko kapimwa tisa. Mimi saba. Kumbe mwanangu hunipendi."

Pimbi akambeba mgongoni, akavuka naye hadi kwa mpimaji wa ng'ambo. Cha nane, safi. Cha kumi, safi. Cha kumi na tisa majibu yalitoka safi kabisa, ila mwenyewe hakuwepo tena kuyapokea.

Matangani shangazi walimsifu: "Huyu ndiye mtoto! Mama kafa amepimwa!" Pimbi akajibu asanteni, akainama.

Ngano imelala hapo, anayeitaka aiamshe. Funzo: msiwanyime wazazi vipimo. Na mkitaka kujua nani alimnong'oneza mama habari za tisa, ni mimi. Nilikwenda kumtazama mgonjwa mikono mitupu, nikakosa la kusema.