Mtego Usio na Fundo la Nyasi

Kisa kinapita njiani, kina vumbi, kina kiu. Tukiite?

Kiite kije!

Semeni kwa nguvu, kina masikio mazito kama ya babu yenu.

Kiite kije!

Haya, kimekuja, kimekaa. Menyeni karanga zenu huku mkisikiliza, na anayezila akidhani simwoni ajue meno ndiyo yaliyoniishia, macho bado. Nimetembea sana mimi. Nimelala Tabora, nimelala Kigoma, nimevuka ziwa hadi Kongo ndani ndani, na kote huko nilichokusanya ni visa na maumivu ya mgongo. Mgongo siwapi. Kisa nawapa.

Zamani, zamani ile ambayo hata babu wa babu yangu aliiita zamani, nzige walishuka juu ya nchi wakala mtama, wakala uwele, wakala mapaa ya nyumba. Watu wakatawanyika. Mtu akitafuta jirani yake anakuta majivu baridi.

Palikuwa na kijana anaitwa Ndalahwa. Mkewe aliitwa Nyamizi, na Nyamizi alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Ndalahwa akamwambia mkewe, twende porini, kwenye miyombo, huko nzige hawali nyama. Wakaenda. Mama yake Nyamizi, Bi Kalunde, akabaki kijijini kumuuguza kaka yake mwenyewe, maana mgonjwa haachwi. Nyamizi alilia njia nzima. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa mama wa mzazi, na sasa mama yuko nyuma, na mbele ni miti, na nyuma ya miti ni miti.

Wakajenga kibanda. Ndalahwa akaanza kutega.

Alikuwa mtegaji hasa. Anachuna magome ya myombo, anayatafuna hadi yalainike, anayasokota pajani, shu, shu, shu, kamba inatoka ndefu kama maneno ya shangazi yenu. Kisha anatafuta mapito ya wanyama. Anainamisha mti mbichi, mwembamba lakini wenye hasira. Anaufunga kamba, kamba ina kitanzi, kitanzi kinalazwa njiani chini ya majani makavu, na vyote vinashikwa na kijiti kidogo kama kidole cha mtoto. Mnyama akigusa kijiti, kijiti kinachomoka, mti unafyuka juu, fyuu, na mnyama yuko hewani anashangaa.

Mimi niliwahi kujaribu. Nilijinasa mwenyewe kidole gumba. Msicheke, endeleeni kumenya.

Sasa sikilizeni hapa. Katika nchi ile palikuwa na sheria moja ya mitego, na hata wezi waliifuata. Ukitega, unafunga fundo la nyasi upande huu wa njia na fundo la nyasi upande ule. Mnyama hajui fundo. Mtu akiliona anajua, hapa pametegwa, anapita kando. Mtego usio na fundo waliuita mtego wa mchawi, na aliyeutega hakuulizwa alimtegea nani. Ilijulikana kwamba alimtegea mtu.

Ndalahwa alifunga mafundo yake yote. Akapata digidigi, akapata kanga, akapata nungunungu. Nyamizi akanawiri.

Halafu asubuhi moja akaenda kukagua, akakuta mti umesimama wima. Mtego umefyuka, lakini mnyama hayupo. Damu kidogo kwenye majani, manyoya ya digidigi kwenye gome. Na kamba, wajukuu zangu, kamba haikukatika. Ilikuwa imefunguliwa. Imekunjwa vizuri, imewekwa chini ya mti kama mtu anayetunza mali.

Fisi hakunji kamba. Chui hakunji kamba.

Ndalahwa akatazama huku, miti. Akatazama kule, miti. Ardhi ilikuwa kavu kama mfupa, haikushika unyayo. Akachukua ile kamba, akairudisha nyumbani, na Nyamizi alipouliza nyama iko wapi, akasema fisi katutangulia.

Kwa nini hakusema kweli? Aliona mwenye mimba hatishwi. Akaona hofu hii ni mzigo wa mwanamume, akaimeza peke yake.

Siku nyingine, hivyo hivyo. Mti wima, kamba imekunjwa. Nyumbani akasema fisi. Mara nyingine tena, mti wima, kamba imekunjwa, na safari hii juu ya tawi limening'inizwa paja la swala, limefungwa kwa majani mabichi, mbali na mdomo wa fisi. Mbavu zimechukuliwa, paja limeachwa.

Ninyi mngefanyaje? Mimi ningelila palepale, kisha ndiyo niogope. Ndalahwa hakufanya hivyo. Alisema moyoni, aliye porini anayefungua mitego yangu sasa ananitega mimi, hiki ni chambo. Akaliangusha paja lile kwa ufito mrefu, akalifukia, akakanyagia udongo juu yake. Mtu mwenye njaa, mume wa mke mwenye njaa, anafukia nyama. Oneni hofu ilivyo.

Akarudi mikono mitupu. Nyamizi alikuwa anachemsha mizizi. Tumbo lilikuwa limeshuka, miguu imevimba. Akasema taratibu kwamba fisi wa pori hili wana bidii sana. Ndalahwa akacheka kicheko kisicho na meno, na siyo kwa sababu ya uzee, kama changu.

Tangu hapo hakulala. Majani yakidondoka, anashtuka. Kwale akilia, anashika mkuki. Akienda kutega anatembea kinyumenyume, apate kuona kinachomfuata, anajigonga kwenye miti. Na kweli kulikuwa na kinachofuata, maana chui wa pori lile alikwisha kuzoea harufu ya damu kwenye mitego, lakini Ndalahwa hakumwaza chui. Alimwaza yule anayekunja kamba.

Mwisho akasema, lolote lile, lina mguu.

Akasokota kamba nene, ya kuzuia mbogo mchanga. Akachagua mti mnene kama paja lake, akauinamisha kwa kuuning'inia mwili mzima huku akitoa jasho na machozi. Akalaza kitanzi kwenye njia ya mtego wake wa zamani, mahali ambapo anayefungua lazima akanyage. Akakifunika majani.

Kisha akainuka. Mkono wake, kwa mazoea, ukashika nyasi za upande huu wa njia ili ufunge fundo. Akautazama ule mkono. Akaachia nyasi. Zikanyooka zenyewe, moja moja, kama hakuna aliyezigusa.

Akaenda nyumbani bila kugeuka.

Mchana wa siku iliyofuata alikaa kibandani akinoa mkuki uliokwisha noleka. Nyamizi alikuwa amelala ubavu. Pori lilikuwa kimya. Hata nyenje walinyamaza. Na katika kimya kile, mbali, pakasikika mti unafyuka, na juu ya mlio wa mti, mlio mwingine, mmoja tu, ukakatika.

Nyamizi akainuka kwenye kiwiko. "Hiyo ni sauti ya mtu."

Ndalahwa akaendelea kunoa mkuki.

"Mume wangu. Mtu yuko kwenye mtego wako. Mbona hakuona fundo?"

Hapo yote aliyoyameza yakatoka. Akasema kila kitu, miti wima, kamba, paja, fundo ambalo hakulifunga. Alisema haraka, akitazama chini. Nyamizi alisikiliza, na mlidhani atapiga kelele, lakini aliuliza jambo moja tu. Ile kamba ilikunjwaje?

Akaitoa ile aliyoirudisha siku ya kwanza, alikuwa ameisokomeza darini bila kuikunjua. Nyamizi akaipokea. Ilikuwa imezungushwa kama nane, na ncha yake imepenyezwa katikati, ikatokeza kidogo kama ulimi. Watu wengi hukunja kamba kwa duara. Palikuwa na mwanamke mmoja tu aliyekunja hivyo, kamba yake ya kisimani, tangu Nyamizi anajua kutembea.

"Mama," akasema.

Enhe. Mmeelewa au niwasaidie? Kaka mgonjwa alikuwa amefariki. Bi Kalunde akamzika, akachukua kibuyu chake, akaufuata ujauzito wa mwanawe pori zima. Alipofika akakiona kibanda, akamwona na mkwewe mlangoni. Na mkwe, wajukuu zangu, kwa watu wale mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hawaongei, hawali pamoja, hawatajani majina. Mama mkwe akitaka kuja, anatuma mtu atangulie kusema hodi. Sasa atume nani? Nyani? Binti hakuweza kutoka kibandani, mkwe hakutoka mlangoni ila kwenda kwenye mitego, na nyumba ya mkwe haingiwi bila hodi, hata mwenyewe akiwa hayupo. Basi akatuma kamba. Akasema, mkwe atamwonyesha mkewe, mkewe ataijua mikono yangu, atamwondoa mumewe nipite. Akala mbavu asife, akawaachia paja. Akasubiri. Hodi yake yote Ndalahwa aliificha darini.

Nyamizi alisimama, tumbo na yote, akataka kukimbia. Alikuwa hajamaliza hatua, mumewe alikwisha mpita.

Alikimbia vile ambavyo mtu hukimbia anapojikimbia mwenyewe. Mkuki alikuwa nao, kisu alikuwa nacho, akili aliiacha kibandani. Akafika.

Mti ulikuwa umemnyanyua mama mkwe kwa mguu mmoja. Kichwa chini, mabega yanagusa majani, vazi lake la gome limemshukia, naye amelishika kwa mikono yote miwili, asionekane. Na ng'ambo ya njia, penye nyasi ndefu, nyasi zilikuwa zinakoroma, kwa pumzi za kukwaruza, kama mtu anapasua mbao. Chui.

Ndalahwa akageuka papo hapo, akampa mama mkwe mgongo. Mila ilimwambia geuka, na chui naye alimwambia geuka. Akabaki hivyo, uso kwa macho ya manjano, mgongo kwa mkwewe.

Nyuma yake ikasikika sauti, nyembamba, ya mtu ambaye damu yote imemshukia kichwani. Haikusema naye. Ilisema na mti.

"Ewe mti, mwambie aliyesimama hapo arudi nyuma. Asigeuke. Arudi nyuma tu."

Ndalahwa akajibu. "Ewe mti, mwambie mkwe wangu kisu kiko mkononi, nakileta."

Mnacheka. Chekeni. Yeye hakucheka. Alirudi nyuma unyayo kwa unyayo, mkono mmoja unamwelekezea chui mkuki, mwingine uko mgongoni umeshika kisu kwa makali ili mpini umfikie mzee. Akirudi, chui anasogea. Akisimama, chui anasimama. Nyasi zikagawanyika, kichwa kikatoka, masikio yamelala. Ndalahwa alisikia kisu kinachukuliwa mkononi mwake. Kiganja chake kilichanika, hakujua. Akasikia mzee anajikunja juu kwa kuguna, kisha kamba inalia chini ya makali, kri, kri, ile kamba nene aliyoisokota vizuri mno, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani angekuwa mtegaji mbovu kama mimi.

Chui akajikunyata kuruka.

Kamba ikakatika. Mzee akaanguka, na ule mti, mnene kama paja, ukajiachia hewani kwa nguvu yote iliyobaki, ukayapiga matawi ya jirani, majani makavu na vijiti vikamwagika kama mvua ya mawe. Chui aligeuka angani. Aligusa chini akiwa ameelekea kwingine, akaenda, na pori likasikika likimpisha.

Ndalahwa hakugeuka. Alichuchumaa palepale. Akangoja. Baada ya kitambo akahisi mikono miwili, mikavu, inashika mabega yake. Akambeba mama mkwe mgongoni hadi nyumbani, bila kuona uso wake, na njia nzima hakuna aliyesema neno, hata na mti.

Mguu wa Bi Kalunde ulikuwa umevunjika kifundoni. Nyamizi aliufunga vijiti, na alipomaliza kufunga akashika kiuno chake mwenyewe. Uchungu ulikuwa umeanza.

Basi mama, mguu umenyooshwa kwenye ngozi, akamzalisha binti yake akiwa amekaa. Ndalahwa alikuwa nje. Hakuna aliyemfukuza, alijifukuza. Alikwenda kutegua ule mtego wa mchawi, akaukata mti wenyewe kwa shoka hadi kisiki, akarudi akakaa mbali na mlango, kichwa kati ya magoti. Aliwaza, mama mkwe akipona atanilaani, asipopona nitajilaani. Akamsikia Nyamizi anaguna. Akasikia kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko vyote vya pori. Kisha kitu kidogo kikalia kwa hasira.

Bado hakuthubutu kuinuka.

Na kutoka ndani ya kibanda sauti ya mama mkwe ikasema. Haikusema na mti, haikusema na ukuta, haikusema na chungu.

"Ndalahwa. Ni wa kike. Njoo umwone."

Hakuwahi kulisikia jina lake katika kinywa kile. Akaingia. Wakatazamana.

Ndiyo hivyo. Hofu siyo aibu, wajukuu zangu, hata babu yenu anaogopa kinyonga. Lakini hofu isiyosemwa hukaa tumboni ikisokota kamba, na siku moja mtu wako wa karibu atakanyaga. Ukiogopa, sema. Ukitega, funga fundo.

Nimesimulia nilivyosimuliwa. Palipozidi ni ulimi wangu, palipopungua ni mapengo yangu. Leteni hizo karanga, tuone mlizobakiza.