Mwalimu Wechuli na Mmea wa Mitungi

Mwalimu Mathews Wechuli alifundisha sayansi kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu na kutulia nyumbani kwake Kondele, mjini Kisumu. Kichwa chake kilijaa maarifa kama ghala baada ya mavuno, na hilo yeye mwenyewe alilijua kuliko mtu mwingine yeyote. Kuulizwa alikuzoea. Kuuliza, kwa maoni yake, kulikuwa sawa na kupita sokoni bila shati.

Mwezi wa Mei bintiye, Maryanne, aliitwa Eldoret kwa mafunzo ya kazi ya miezi miwili. Alimwachia baba yake mmea alioulea kwa miaka mitatu, akitumaini kuupeleka kwenye maonyesho ya kilimo mjini mwezi wa Julai. Haukuwa mmea wa kawaida. Kwenye ncha za majani yake ilining'inia mitungi midogo yenye vifuniko, na ndani ya kila mtungi mlikuwa na maji ya utelezi. Mdudu aliyetua kwenye mdomo wa mtungi kuonja utamu aliteleza, akazama, akawa chakula.

"Baba, mmea huu una masharti yake," Maryanne alianza. "Kwanza maji..."

"Nimefundisha habari za mimea tangu kabla hujazaliwa," Mwalimu alimkata.

"Sawa. Lakini ukikwama, muulize Aloo."

Aloo aliuza miche na maua kando ya barabara, hatua chache kutoka stendi ya bodaboda. Mwalimu alimfundisha zamani, na katika sayansi msichana huyo alikuwa akivuta mkia kila muhula. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikamteleza.

Siku ya pili alianza kazi. Aliona mmea umepandwa katika makapi ya maganda ya nazi, akauhurumia. Aliuhamishia kwenye udongo mweusi, akachanganya samadi, kisha akaongeza mbolea iliyobaki ya mahindi. Alipochungulia mitungini aliona maji yenye mabaki ya nzi. "Uchafu mtupu," alisema. Akaimwaga mitungi yote saba, akaiosha kwa sabuni ya kunukia na kuijaza maji ya bomba. Siku mbili zikapita bila mdudu hata mmoja kunaswa, basi akaamua kuulisha mmea kwa mkono. Kila asubuhi alitia omena wawili, wale dagaa wa ziwani, katika kila mtungi.

Mkewe, Nakhungu, alimtazama siku tatu. Siku ya nne alisema, "Baba Maryanne, jana tulikula sukuma wiki tupu. Leo naona maua yanakula omena."

"Huu ni mmea unaokula nyama. Ni sayansi, Mama Maryanne."

"Na hao paka ukutani, wamekuja kusoma sayansi?"

Paka walikuwa sita. Harufu nayo ilitambaa ploti nzima, hata mpangaji wa nyumba ya pili akapanda darini kutafuta panya aliyekufa. Kufikia katikati ya Juni mitungi mitano ilikuwa imeoza na kudondoka, na majani yamekuwa ya kahawia kama tumbaku.

Maryanne alipoomba picha, Mwalimu alimtumia ile aliyopiga siku ya kwanza. Wiki iliyofuata aliituma tena. Alipoituma mara ya tatu, simu ililia.

"Baba," Maryanne alisema polepole, "huyu nzi kwenye kifuniko cha kushoto, mbona hajasogea tangu Mei?"

Mwalimu alisema mtandao ni mbaya, akakata simu. Aliketi kitandani ameinama kama kuku aliyenyeshewa. Alikuwa amemwona binti yake akiusalimu mmea ule kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akihesabu mitungi kwa kidole. Sasa alikuwa anamdanganya. Hilo lilimchoma kuliko aibu yoyote. Akapiga moyo konde, akavaa kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi na kutoka.

Aloo alikuwa akimwagilia miche. "Karibu, Mwalimu."

"Nina rafiki yangu," Mwalimu alisema huku akitazama bodaboda zikipita. "Ana mmea wa mitungi. Unaumwa."

"Huyo rafiki aliutia mbolea?"

"Kidogo."

"Alimwaga maji ya mitungi?"

"Yalikuwa machafu."

"Hakuiosha kwa sabuni, sivyo?"

Mwalimu aliishusha kofia zaidi. Aloo aliweka chini kopo lake. "Mwambie aulete leo, mizizi isije ikafa."

"Ataona haya."

"Namwelewa. Hata mimi niliona haya kuuliza darasani kwako. Siku uliponijibu kwamba swali langu ni la kijinga, sikuinua mkono tena."

Maneno hayo yalimwingia Mwalimu kama mwiba wa samaki kooni. Alivua kofia. "Hakuna rafiki," alisema. "Ni mimi. Nisamehe, Aloo, kwa hili na kwa lile la darasani. Sasa nifundishe."

Aloo alimfundisha. Mmea ule asili yake ni ardhi maskini, ndiyo maana hutafuta wadudu. Ukiupa udongo wa shibe, mizizi huungua. Maji yake ni ya mvua, kwa kuwa ya bomba yana chumvichumvi. Mitungi huachwa na maji yake yenyewe. Mwalimu aliandika yote, kisha akauliza tena pale ambapo hakuelewa. Jioni mmea ulikuwa umerudi kwenye maganda ya nazi, na mabeseni yote ya Nakhungu yalikuwa yamepangwa uani kungoja mvua.

Maryanne aliporudi, baba yake alimweleza kila kitu langoni, kabla hajatua mkoba. Alikasirika siku nzima. Kesho yake aliona mtungi mpya, mwekundu, ukifungua kifuniko chake, akamwita baba yake wauangalie pamoja.

Katika maonyesho, mmea wenye mitungi mitatu haukupata zawadi, ila ulipata umati. Mama mmoja mchuuzi wa samaki kutoka Usenge aliuchungulia kwa makini. "Huu mtungi unayeyusha nzi," alisema. "Mbona haujiyeyushi wenyewe?"

Watu wote walimgeukia Mwalimu.

"Mama, hilo ni swali zuri sana," alisema. "Mimi sijui. Tumuulize Aloo."

"Hata mimi sijui," alijibu Aloo, aliyekuwa amesimama kando ya Maryanne. "Tutafute anayejua."

Aloo, yule mama na Mwalimu wakaondoka kwenda kumtafuta, Mwalimu akiwa mbele, daftari mkononi. Ama kweli, kuuliza si ujinga.